Redio ilikuwa inakwaruza asubuhi tu, nilivyomkamata mchawi

Mimi ni fundi wa umeme wa ndege hapa Mombasa na hii kesi ilininyima usingizi wiki nzima. Ndege ndogo ya injini moja, kila alfajiri redio inakwaruza mpaka rubani hasikiki, ikifika saa 5 jua limewaka iko sawa kabisa. Redio ilishabadilishwa mara mbili kabla sijapewa mimi na tatizo likarudi vilevile.

Nikajiuliza, kati ya alfajiri na saa 5 kinabadilika nini? Unyevu wa hewa. Chumvi ya kawaida, unyevu ukipita asilimia 75 hivi, inavuta maji hewani mpaka inayeyuka yenyewe na kupitisha umeme, ukishuka inakauka tena. Ndo maana mama zetu huku pwani wanatia punje za mchele kwenye kikopo cha chumvi. Basi nikaja saa 12 asubuhi, nikachomoa redio, nikapima pini kwa pini kwenye konekta ya nyuma, yaani plagi ya nyaya inayobaki kwenye ndege redio ikitolewa, umeme unavuja. Mchana nikapima tena, hauvuji. Wallahi nilifurahi.

Kwa tochi sikuona kitu, ila nilipoweka lenzi nikaona kijani kidogo sana kwenye pini mbili, dhahabu imekwanguka. Ile dhahabu kwenye pini kama hizi ni kama maikromita 1.27 tu, yaani nanomita 1,270, unywele wa mtu ni mnene mara hamsini hivi. Ndege ikitetemeka pini zinasuguana, dhahabu inaisha, nikeli ya chini nayo inaisha, chumvi inafika kwenye shaba na kutu inaanza. Bodi za ndani ya redio zimepakwa koti la kuzuia unyevu, zilikuwa safi, ndo maana kubadilisha redio hakukusaidia, pini huwezi kuzipaka koti kwa sababu lazima zigusane.

Rubani akaniambia, "Fundi, si upulizie tu ile dawa ya nano inayofukuza maji tumalize?" Dawa yenyewe nimeiona, ni nzuri kweli, tone linabingirika kwenye bodi kama maji juu ya jani la jimbi, na jimbi lenyewe linafanya hivyo kwa vinundu vya nta vidogo mno. Lakini nikamwambia hapana kaka, ukipulizia juu ya chumvi umeifungia ndani, na kwenye ndege huweki kitu ambacho mwongozo wa matengenezo haujaruhusu.

Kwa hiyo nikabadilisha konekta, nyaya nikazisafisha kwa spiriti na brashi laini, halafu nikalilegeza lile fungu la nyaya lishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye konekta, maana zamani lilikuwa linateremka moja kwa moja na maji yakilifuata yanaingia humo humo. Asubuhi tatu mfululizo nikaja saa 12 na mita yangu, hakuna kuvuja. Zile pini mbili nimezihifadhi kwenye kikopo, kijana mpya akija kazini namuwekea chini ya lenzi kabla sijamfundisha kitu kingine.