Madoa ya rangi ya chungwa kwenye sabuni: pima chanzo chake

Madoa haya ni dalili ya mafuta kuchacha ndani ya sabuni. Sabuni yenye alizeti nyingi huchacha mapema kuliko ya nazi, maana mafuta hayo hushambuliwa upesi na oksijeni. Shaba na chuma huchochea zaidi.

Pika sabuni mbili za alizeti, mafuta ya ziada (yasiyogeuka sabuni) 5%. Kwa moja, ili kuzifunga metali hizo, yeyusha asidi ya sitriki gramu 10 kwa kila kilo ya mafuta katika maji kabla ya kutia kostiki soda, kisha ongeza kostiki gramu 6.2, la sivyo mafuta ya ziada yatapanda. Gawa kila sabuni vikombe viwili vya plastiki. Kimoja kichomeke kipande cha waya wa shaba. Anika pamoja, miezi kadhaa.

Chunguza kandokando ya waya: doa lenye unyevu, harufu ya mafuta ya zamani. Na tafadhali, usianike sabuni kwenye wavu wa chuma.