Hamira imenitoa jasho

Jamani wiki nzima niko maabara na hamira, ndio hii hii ya maandazi, nimeiondolea kimeng'enya kimoja kinaitwa Rrp6, kile cha kunyoa mikia ya RNA, nione itakuwaje. Kawaida seli inatoa uzi mrefu wa RNA (molekuli ndugu ya DNA), jina lake 35S, halafu vimeng'enya vinaukatakata mpaka zinabaki RNA fupi zaidi, 18S, 5.8S na 25S, za kujengea ribosomu (mashine za seli za kutengeneza protini), vile vipande vya katikati vinatafunwa kabisa. Sasa juzi jeli, ile ya kutenganisha RNA kwa urefu ionekane kama mistari, ikatoka ukungu mtupu, kumbe nilishika tyubu bila glavu na mikono yetu imejaa RNase, vimeng'enya vinavyokula RNA yote 😭 Leo nimerudia, naona 5.8S na juu yake kamstari kengine, karefu zaidi kwa nyukleotidi (vijenzi vya RNA) kama 30, yaani bila Rrp6 mkia haujamaliziwa kunyolewa! Nimepiga kelele mpaka mlinzi kaja mbio.