Jinsi nilivyoifanya shule ya binti yangu ihesabu siku

Binti yangu alipoanza kuonewa shuleni, rafiki mmoja alinishauri nimfundishe kurusha ngumi. Mwingine, anayeishi Texas na kwa sababu hiyo hujiona wakili wa Marekani nzima, alinieleza sheria ya jimbo lake kana kwamba New Jersey, tunakoishi sisi, ni mtaa wa pili. Niliwapuuza wote wawili, kisha nikabuni upumbavu wangu mwenyewe: barua ya kurasa nne.

Kisa chenyewe kilikuwa ndani ya basi la shule, ambamo wavulana watatu walirudia kila neno la binti yangu kwa kuikejeli lafudhi yake na kumwambia arudi kwao, hadi akawa anamwamkia dereva kwa kutikisa kichwa tu. Barua yangu ilianza na malezi ya marehemu mama yangu, ikapitia kwa Kaini na Abeli, na ikalifikia basi kwenye ukurasa wa tatu. Mwalimu mkuu alinijibu kwa upole kwamba watoto hutaniana, na kwamba mambo ya basi ni ya dereva. Nami, bila aibu, nikamshukuru!

Usiku huo niliisoma sera ya uonevu kwenye tovuti ya wilaya ya shule. Majimbo yote 50 yana sheria zake, Georgia ikiwa imetangulia mwaka 1999 na Montana kufunga mkia mwaka 2015, ila hakuna sheria ya shirikisho inayoushughulikia uonevu moja kwa moja, ndiyo maana wakili wangu wa Texas hakunifaa. Sheria ya New Jersey ya mwaka 2011 inalitaja basi la shule waziwazi. Inataka pia uchunguzi uanze ndani ya siku moja ya masomo na ukamilike ndani ya siku 10 za masomo.

Barua ya pili ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Sikuandika tena kwamba "wanamcheka", bali unyanyasaji unaotokana na asili yake ya kitaifa, kwa maneno ya sera yenyewe, nikiweka tarehe, kiti walichokalia, na jinsi alivyoacha kunyoosha mkono darasani, kwa kuwa madhara katika masomo nayo yana uzito. Niliituma kwa barua pepe Jumatatu alfajiri, nikaomba wanithibitishie tarehe ya siku ya kumi. Kabla ya saa sita mchana mtaalamu wao wa masuala ya uonevu alinipigia simu.

Nakiri kwamba nilihesabu Jumamosi na Jumapili, nikapiga simu kufoka mapema, nikalazimika kuomba radhi. Hata hivyo uonevu ulithibitishwa, bodi ikapewa taarifa, na wavulana wakahamishiwa viti vya mbele, nyuma ya dereva.

Barua ya kurasa nne bado ninayo. Binti yangu huisoma kwa sauti ya mahubiri, kwa lafudhi yangu.