"Ne" ni hapana, ndiyo au nini?

Kuna mji unaitwa Edirne, uko Uturuki kule mwisho kabisa upande wa Ulaya, mpaka wa Ugiriki uko pua na mdomo na wa Bulgaria hata nusu saa ya gari haiishi ushafika. Sasa watu wa pande zote tatu wana kaneno kamoja, "ne", na kila mtu ana lake. Mbulgaria akikwambia ne, amekataa. Mgiriki akikwambia ne, amekubali hiyo. Mturuki akisema ne? hajakubali wala hajakataa, anakuuliza tu "nini?"

Na usidhani utajiokoa kwa kuangalia vichwa, maana Bulgaria wengi wakikubali wanatikisa kichwa kushoto kulia, na wakikataa wanakipeleka juu chini, yaani kinyume chetu kabisa. Muuza mkate anakutikisia kichwa, we ushageuka unaondoka, kumbe mkate upo.

Mtu ukisikia hivi unaona kama ni neno moja limeharibikia njiani. Wala. Ni maneno ya koo tofauti yamefanana sauti tu. Ne ya Kibulgaria ni ya Kislavi cha tangu na tangu, ile lugha mama ya kina Kibulgaria na Kirusi, ndugu yake ni "no" ya Kiingereza, "nein" ya Kijerumani na "na" ya Kiajemi. Ya Wagiriki inaandikwa ναι, zamani walitamka "nai" afu matamshi yakabadilika yakaishia ne, na hapana yao wao ni ochi, ndo maana kila tarehe 28 Oktoba wana sikukuu ya taifa inaitwa Siku ya Ochi, wanakumbuka mwaka 1940 serikali yao ilivyomkatalia Mussolini, dikteta wa Italia, asiingize jeshi lake. Sikukuu ya kusema hapana, naipenda sana hiyo.

Mturuki ndo kachanganya zaidi. Ile ne ya "nini" ni ya kwake mwenyewe, japo ni ya ajabu kidogo kwa sababu maneno ya asili ya Kituruki karibu hayaanzi na n kabisa. Lakini anayo ya pili, akisema ne çay ne kahve maana yake si chai si kahawa, na hiyo kaichukua kwa Waajemi, kwa hiyo ukifuatilia ukoo unakuta ni ndugu wa ile ya jirani yake Mbulgaria, ila imeingia kwa mlango wa nyuma.

Afu kuna Wamakedonia. Wao ne ni "si" na pia ne ni "sisi" tukiwa tumetendwa jambo, kwa hiyo "hawakutuona" kwao ni ne ne vidoa. Kwenye kuandika ikabidi hiyo ya pili wamwekee alama juu ya herufi, la sivyo ingekuwa vurugu.

Ila mi kilichonimaliza ni Kirusi. Warusi ne wanayo ila wanaitumia kukanushia tu, ne znayu ni sijui, wakitaka kusema hapana yenyewe wanasema nyet, ambayo wazee wetu waliosoma Moscow pale Chuo cha Patrice Lumumba nadhani walishiba kuisikia kwenye kila dirisha la ofisi. Hiyo nyet zamani ilikuwa maneno matatu, ne ye tu, yaani kama "haipo hapa", yakasagika kwa kutumika mpaka yakawa kitu kimoja, na hata leo sukari ikiisha Mrusi anasema sakhara nyet, sukari hakuna.

Sasa hebu ichambue hapana yetu. Ha ya kukanusha, pa ya mahali, na ile na ya "kuwa na". Kwenye vitabu vya zamani unakuta kabisa "hapana maji" kwa maana ya maji hakuna, na wapo wanaoongea hivyo mpaka leo. Yaani Mrusi kule kwenye barafu na Mswahili huku pwani, hawajawahi kukopeshana hata kijiko, kila mmoja kaenda kuitoa hapana yake kwenye kitu kile kile, kitu ambacho hakipo mahali pake. Mi hii naiona tamu kuliko yale mambo ya Edirne, kule sauti zimefanana kwa bahati tu, huku hakuna sauti iliyofanana hata moja ila akili imepita njia ile ile.

Na Waserbia nao wamo. Wana nema, ambayo ni ne imegandana na ima, "ana", kwa hiyo nema ni "hana" na pia ni "hakuna", kama tu hakuna yetu ilivyobeba ile -na ndani yake. Mtu wa Belgrade ukimwambia samahani bana nimechelewa, anakujibu nema problema, ambayo ukiigeuza neno kwa neno ni hakuna matata, na wao wanaisema kweli, kila siku, siyo kwa watalii.