Jumatatu ni siku ya ngapi?

Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa kumi kasoro robo jioni, simu za wanakikundi 22 kule Kiwira zikalia kwa mkupuo: "Kikao leo saa kumi. Njoo na kitabu chako cha hisa." Kikao kilikuwa kimefanyika jana yake. Haikupita dakika tano Shangazi akanipigia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, wala hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mwanangu, humo ndani ya mashine yako, Jumatatu ni siku ya ngapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Nilimwomba radhi, nikafunga dirisha maana ukungu wa Uyole wakati huo wa mwaka unaingia mpaka kitandani, nikafungua kompyuta.

Shangazi ni mhazini. Kikundi chao kinakutana kila Jumatatu, wananunua hisa, wanarejesha mikopo, wanachangia mfuko wa jamii, halafu sanduku linafungwa kwa kufuli tatu na kila ufunguo unaondoka na mtu wake. Hesabu zote ziko kwenye kaunta, lile daftari nene la kwaya nne, kwa mwandiko wake wa wino wa bluu. Mwaka 2016, nikiwa bado mwanafunzi hapa Mbeya, nilimwandikia aplikesheni ya simu ili asikeshe akijumlisha. Niliiandika kwa Java, moja ya lugha za kuandikia programu, kwa kuwa wakati ule ukisema unajifunza kuandika programu za Android watu walielewa Java. Imefanya kazi miaka yote hiyo bila kelele.

Kilicholeta safari hii ni iPhone. Mwenyekiti alinunuliwa na binti yake, wanachama wengine wawili nao wakapata, na aplikesheni yangu haiwezi kukaa kwenye simu hizo. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuandika nyingine mpya kwa Swift, lugha ambayo Apple waliitoa mwaka 2014, halafu niishi na programu mbili, kila kosa nilirekebishe mara mbili. Ya pili ni kuhamisha kila kitu kwenye lugha moja inayokubalika pande zote. Nilichagua ya pili, nikaenda kwenye lugha ya Dart kwa kutumia Flutter, zana ya kujengea programu za simu ambayo Google walitoa toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018. Gharama nazo ziangalie kabla hujaahidi mtu: kujisajili kuweka programu kwenye duka la Google ni dola 25 mara moja tu, ila Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na juu ya hapo lazima upate kompyuta ya Mac. Mimi sina. Rafiki yangu wa Dar es Salaam anayo, namtumia kazi usiku, asubuhi naikuta tayari.

Wazo la kumwachia mashine itafsiri lugha moja ya programu kwenda nyingine si geni. Mwaka 2012 Google walitoa kifaa kiitwacho J2ObjC, kinachobadilisha Java kuwa Objective-C, lugha ya simu za Apple kabla ya Swift. Kilitafsiri akili ya programu tu, yaani hesabu na kanuni. Vitufe na sura ya kioo uliandika mwenyewe kwa kila aina ya simu. Nadhani ule ulikuwa uamuzi wa busara sana. Android Studio, programu ambayo ndani yake tunaandika programu za Android, nayo ina kitufe cha kugeuza Java kuwa Kotlin, lugha nyingine ya simu hizo. Ukibandika kipande cha Java kwenye faili la Kotlin inakuuliza kama ikubadilishie. Na sasa kuna akili mnemba, yaani AI. Niliipa mafaili yangu moja baada ya jingine, na kazi niliyodhani itanichukua mwezi ikaisha kwa jioni tatu. Dart iliyotoka ilikuwa safi, yenye mpangilio kuliko Java yangu ya uanafunzi. Ilikubali kukimbia mara ya kwanza. Nikaipeleka Kiwira.

Turudi kwenye swali la Shangazi.

Kwa Kiswahili, Jumatatu ni ya tatu. Jina lenyewe linasema: tunaanza kuhesabu Jumamosi, kisha Jumapili, kisha Jumatatu. Kwenye Java, ukitumia kalenda yake ya zamani kama nilivyotumia mimi, Jumapili ni 1, kwa hiyo Jumatatu ni 2. Kwenye Dart wiki inaanza Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu ni 1, na 2 ni Jumanne. Mwaka 2016 Shangazi alipochagua siku ya kikao, simu yake ilihifadhi namba 2. Namba hiyo haikuwa kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu, niliompa mfasiri wangu, ile akili mnemba. Ilikuwa kwenye kumbukumbu za simu, imekaa pale miaka yote ikimaanisha Jumatatu, na siku nilipobadilisha lugha ikaanza kumaanisha Jumanne bila mtu kuigusa. Mfasiri, awe mtu au mashine, angeliona kwa shida kosa hilo kwa kusoma msimbo peke yake, kwa sababu kila mstari ulikuwa umetafsiriwa sawasawa.

Nilipolielewa hilo nilikimbilia kwenye miezi. Kalenda ileile ya Java inaanza miezi na sifuri, Januari ni 0 na Desemba ni 11. Dart inahesabu kama sisi tunavyosema, mwezi wa kwanza mpaka mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa kuvunja kikundi na kugawana ulikuwa umehifadhiwa kama 11. Ningeacha hivyo, wangeitwa kugawana Novemba, mikopo ya watu ikiwa bado nje.

Jumamosi yake nilipanda Kosta kwenda Kiwira, nikakaa na Shangazi sebuleni, kaunta lake katikati yetu. Tulichofanya ni hiki: yeye anasoma kikao kimoja kutoka kwenye daftari, mimi naingiza namba zilezile kwenye simu mbili, ya zamani yenye Java na mpya yenye Dart, tunalinganisha majibu matatu. Tulianza na vikao vya Januari. Mpaka ndizi zinaiva jikoni tulikuwa tumepita vikao 9 bila tofauti hata ya senti. Kikao cha 10, mama mmoja muuza ndizi alikuwa anadaiwa. Daftari lilisema 1,200. Simu ya zamani, 1,200. Simu mpya, 1,300.

Kanuni yao ni kwamba kila hesabu inakatwa hadi mia, kwa sababu sarafu ya hamsini inasumbua kupatikana wakati wa kikao. Ukidai 1,250 unapewa 1,200 na hamsini inaingia mfuko wa jamii. Ukidaiwa 1,250 unaandikiwa 1,200, hamsini unasamehewa. Kwenye msimbo nilikuwa nimeandika kwa kifupi: chukua salio, toa baki la salio hilo likigawanywa kwa mia. Alama ya baki ni % kwenye Java, na ni % kwenye Dart. Mfasiri akaiacha kama ilivyo, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Tofauti iko kwenye hasi, na madeni kwangu yameandikwa kwa hasi. Java ikigawanya -1,250 kwa 100 inasema mara -12, inabaki -50. Ukitoa hiyo -50 unapata -1,200. Alama ya % kwenye Dart haikubali baki liwe hasi hata siku moja. Ni kama inasema mara -13, inabaki 50. Ukitoa 50 unapata -1,300. Kihisabati zote mbili ni sahihi, zidisha ujumlishe utaona. Lakini moja inamsamehe mama yule shilingi 50 na nyingine inamwongezea 50 ambayo hakukopa. Bila kulinganisha vile hakuna ambaye angegundua, na ningeletewa habari siku ya kugawana, mbele ya wanawake 22 na sanduku limefunguliwa. Wanaojua vikundi hivi wanajua shilingi mia isiyo na maelezo inavyoweza kuwafikisha watu wasisalimiane sokoni.

Dawa yake ni neno moja. Dart ina "remainder", inayotoa baki kwa mtindo wa Java. Nilibadilisha palepale mezani.

Kosa la kugawanya ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu lile nililifanya kwa mkono wangu. Java ikigawanya namba kamili kwa namba kamili inatupa desimali: 7 kwa 2 ni 3. Dart inatoa 3.5, na ukitaka mtindo wa Java unaandika ~/ badala ya /. Dart yenyewe ilinionya kwamba jibu la desimali haliingii mahali pa namba kamili. Ilikuwa saa sita usiku, nikaongeza "round" mwishoni ili onyo liondoke, nikaendelea. Fikiria faida ya 1,000,000 na hisa 1,437. Java inasema kila hisa ipate 695, jumla 998,715, na 1,285 inayobaki inakwenda mfuko wa jamii. Msimbo wangu wa usiku ule unasema kila hisa ipate 696, jumla 1,000,152. Sanduku halina hizo 152. Mtu wa mwisho kwenye foleni angepungukiwa. Tangu siku hiyo sinyamazishi onyo la mashine kabla sijajua linataka kusema nini, hata kama usingizi umenielemea.

Kuna mahali pamoja tafsiri ilinifurahisha. Aplikesheni inaonyesha saa za Kiswahili, kwa hiyo inachukua saa ya mashine, inatoa 6, inatafuta baki la 12. Saa 16 ya mashine inakuwa saa kumi jioni. Lakini saa 3 ya usiku wa manane ukitoa 6 ni -3, na Java inarudisha -3, saa ambayo haipo. Mwaka 2016 nililizunguka tatizo hilo kwa kujumlisha 18 badala ya kutoa 6, bila kuelewa vizuri kwa nini inakubali. Kwenye Dart unatoa 6 kama akili inavyokutuma, na baki la -3 kwa 12 linakuja 9. Saa tisa usiku. Alama ileile iliyomwongezea mama deni, hapa inahesabu saa kama bibi zetu. Nilimweleza Shangazi, akacheka, akasema basi lugha hiyo imekulia huku.

Kijana mmoja ninayemfahamu ameombwa ahamishe programu ya chama cha ushirika cha kahawa huko Mbozi, na ameniuliza aanzie wapi. Nimemwambia aanze na ukubwa wa namba. Namba ya kawaida ya Java, ile "int" ya biti 32 (biti ni tarakimu za mashine, 0 au 1), mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa kikundi cha Kiwira hapo ni mbali sana. Kwa kahawa si mbali: kilo 500,000 kwa shilingi 5,000 ni bilioni 2.5, na Java itaandika -1,794,967,296 bila kulalamika. Kotlin nayo itaandika hivyohivyo. Swift ikibanwa kwenye biti 32 itazima programu papo hapo, na Dart kwenye simu inatumia biti 64, kwa hiyo itatoa jibu sahihi. Akitafsiri kwenda Kotlin atabeba kosa akidhani ni urithi salama. Nikamwambia pia atafute karatasi. Kila ushirika una mzee mwenye stakabadhi za misimu ya nyuma, amtafute huyo kabla hajafungua kompyuta.

Mwanzoni nilikuwa naamini ninatafsiri kutoka Java. Ile Java nayo ilikuwa tafsiri, tena ya mwanafunzi, ya kitu ambacho wanawake wale walikuwa wakikifanya kwa kalamu na muhuri kabla sijajua kompyuta ni nini. Ndiyo maana siku zile simu mbili zilipotofautiana hatukuuliza ipi ni mpya. Tulifunua daftari. Na mara moja, kikao cha 21, simu zote mbili zilikubaliana na daftari likakataa: faini ya kuchelewa ilikuwa imetozwa kwa mwanachama aliyekuwa msibani, na kikundi kilikwisha kukubaliana kwamba msiba hautozwi. Java ilikuwa imekosea hapo kwa miaka, na Shangazi alikuwa akirekebisha kwa kalamu bila kuniambia. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema, "Ulikuwa na mitihani."

Tulimaliza vikao vyote Jumapili jioni, nikakosa gari, nikalala huko. Jumatatu saa kumi kasoro robo nilikuwa nimekaa barazani kwake pale simu yake ilipolia, na ya jirani, na ya mwenyekiti aliyekuwa anakuja njiani na iPhone yake mkononi.

Juu ya mstari wa faini nimeandika maelezo kwa Kiswahili, kwa yeyote atakayeihamishia lugha nyingine baada yangu: "Msiba hautozwi. Tazama kaunta la Shangazi, kikao cha 21."