Siku moja ukutani Mwanga, Kigoma: kutoka nailoni ya alfajiri hadi kuosha rola

Ukuta una urefu wa mita 18 na kimo cha mita 2.4. Uko Mwanga, kwenye njia ya kuteremka, na kwa muda mrefu umekuwa mgongo wa jalala. Kibali cha mwenye ukuta kiko kwa maandishi, mtendaji wa mtaa ana nakala, na viraka vya lipu vilipigwa wiki nne zilizopita. Taka zimezolewa, kuvu limeoshwa, praima imepigwa, na juzi ukapata mkono wa kwanza wa buluu. Leo, Jumamosi ya Septemba, ni siku ya mchoro.

Saa 12:15 asubuhi

Bado giza. Kigoma iko mwisho wa nchi upande wa magharibi lakini saa yake ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa 1 na kufika utosini kwenye saa 7 mchana. Mafundi wa kutoka pwani hukosea hapa. Hupumzika saa 6, wakarudi saa 8 jua likiwa ndiyo kwanza limekaza. Ukuta huu unatazama ziwani, yaani magharibi: asubuhi nzima una kivuli, mchana wote unachomwa. Ratiba yote ya leo imefuata jambo hilo.

Kazi ya kwanza ni tochi na nailoni. Jana jioni tulibandika vipande vinne vya nailoni angavu, sentimita 50 kwa 50, kingo zote zikazibwa kwa selotepu pana. Asubuhi unatazama matone yako upande gani. Yakiwa nje ni umande tu. Yakiwa ndani, maji yanatoka ukutani. Vipande vitatu ni vikavu, na selotepu yake imebanduka safi bila kung'oa rangi. Cha nne, kwenye kona iliyo karibu na mtaro, kimelowa ndani, na kilipovutwa kimekuja na buluu na praima pamoja, nyuma yake unga mweupe kama chumvi ya kusaga. Na kweli ni chumvi: maji yanapita ndani ya tofali, yanaibeba, yakifika nje yanakauka na kuiacha chini ya rangi. Hapo rangi itafanya malengelenge hata ungeipaka mikono mitano.

Sababu iko nyuma ya ukuta, si mbele. Udongo umerundikana upande wa pili hadi karibu goti, na mvua zote za masika zilikuwa zikikaa humo. Vijana wawili wanachukua majembe: mfereji wa kina cha sentimita 40, kisha kokoto. Mbele tunapima mita 1.2 kutoka kona na kuiacha. Leo haipakwi kitu.

Viraka vya lipu tulivipima kwa manjano kabla ya praima. Kitambaa cheupe kilichochovywa kwenye maji ya manjano na kukaushwa, unakigandamiza kwenye kiraka kilicholoweshwa kidogo. Kikibaki cha njano, kiraka kimeiva. Kikigeuka chekundu kama matofali, saruji bado ina magadi makali. Vyetu vilibaki njano.

Hapa ndipo huwa anatokea mtu wa kuuliza kwa nini tusitumie rangi ya mafuta, maana milango inapakwa hiyo na inadumu. Hata mchoraji Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya mafuta inayong'aa, lakini alichora juu ya ubao. Ukuta wa saruji ni mambo mengine. Anayepika sabuni ya mawese atalielewa jambo hili kabla ya fundi rangi: mafuta yakikutana na magadi yanakuwa sabuni. Lipu ambalo halijaiva linaipika rangi yako polepole kwa ndani, inalainika, inanata, kisha inabanduka kama ganda. Juu ya hayo, rangi ya mafuta haiuachi ukuta upumue, na huu wetu una maji. Kwa hiyo ni rangi ya maji ya nje, basi.

Saa 1:00

Kumwagilia ardhi. Ndoo tatu za maji zinatupwa mbele ya ukuta, upana wa mita mbili hivi, kwa sababu upepo wa kiangazi unaokwenda ziwani hubeba vumbi jekundu na rangi mbichi ni gundi. Ukiliruka hili utapata ziwa lenye chunusi.

Saa 1:20

Mchoro ni ziwa usiku: chini maji, juu anga na mitumbwi ya dagaa na taa zake. Kwenye karatasi ukuta umegawanywa kwa miraba ya sentimita 40, safu sita kwenda juu. Safu ya chini kabisa haina mchoro, nitaieleza jioni. Safu tatu zinazofuata ni maji, mbili za juu ni anga.

Kwenye lipu la mchanga kama hili, lita moja hufunika mita za mraba 8 hivi kwa mkono mmoja. Maji ni mita 16.8 kwa 1.2, yaani mita za mraba 20, lita mbili na nusu. Tunachanganya lita 4: lita moja na nusu ya buluu nzito, kiasi hicho hicho ya buluu ya kati, na lita 1 ya buluu hafifu yenye kijani kidogo. Zitakazobaki ni za viraka, nusu lita kila rangi, kwenye kopo lenye mfuniko na tarehe. Buluu iliyoisha katikati ya ukuta haipatikani tena. Unaweza kuhesabu matone yote, bado ndoo ya pili itakuja na sura yake na kila mtu ataona uliishia wapi. Maji ya kuzimulia hayazidi sehemu moja kwa kumi; praima ndiyo iliyokunywa zaidi.

Sehemu ngumu ya asubuhi ni kuunganisha buluu tatu bila mstari. Inahitaji watu watatu. Wa kwanza na rola ya buluu nzito anakwenda chini, wa pili na ya kati anamfuata juu yake, wa tatu ana brashi ya inchi 4 iliyo na unyevu tu, haina rangi, na anapita kwenye maungio kwa mikato ya msalaba, X juu ya X, hadi mpaka upotee. Kisha buluu hafifu juu, hivyo hivyo. Mnakwenda mita moja moja. Mkienda mbili, ya kwanza imeshakauka kabla brashi haijafika, na brashi ikipita juu ya rangi iliyoanza kukauka inaichuna na kuacha mikwaruzo. Kwa upepo huu mna dakika kumi, pengine chini ya hapo. Ukuta ukinywa rangi kwa pupa, uupanguse kwa sponji lenye maji kwanza.

Kosa lililojitokeza kwenye mita ya tano: mwenye brashi alikuwa akiichovya rangi. Hapo ungio likawa mkanda wa nne wenye rangi yake peke yake. Dawa ni kuacha likauke saa mbili na kurudia mita hiyo nzima. Ukilisugua likiwa bichi unaongeza donda.

Anga haina shida, ni buluu nyeusi moja, lita mbili zinatosha. Ya kuangalia ni jukwaa. Mapipa mawili na ubao wa inchi 2 kwa 10 vinatosha kwa kimo hiki, ila njia yetu ina mteremko, na pipa la upande wa juu lazima lichimbiwe kitako, la chini lisiinuliwe kwa mawe. Mawe huteleza mtu akinyoosha mkono.

Saa 4:30

Rangi imekauka, sasa miraba. Kamba ya chaki, timazi na chaki ya shule. Si makapeni: wino wake hupenya rangi ya maji na utaiona miraba yako ikirudi yenyewe wiki ijayo, hata chini ya mikono mitatu. Si mkaa pia, kwa sababu unachafua njano. Karatasi ya mchoro ni A3 mbili zilizoungwa, na kila sentimita 1.5 ya karatasi ni sentimita 40 za ukuta. Nambari ziko pembeni na herufi juu, ili mtu aliye juu aweze kumwambia mwenzake "D nne, mkia wa mgebuka", samaki wa ziwa hili, bila kushuka.

Wachoraji wakiwa katikati ya mtumbwi wa pili, mzee mmoja amesimama na baiskeli yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hao wanakwenda wapi?"

"Kuvua dagaa, babu."

"Na mwezi huo?"

Kwenye karatasi kuna mwezi mpevu, mkubwa, mzuri sana. Na wavuvi wote wa Kibirizi, Katonga na Ujiji wangeucheka ukuta huu kwa miaka. Dagaa huvuliwa kwa giza. Taa huwavuta kwa sababu hakuna mwanga mwingine; mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika, na mitumbwi inakaa ufukweni. Mwezi umefutwa kwa kitambaa chenye maji, nafasi yake zikaja nyota. Ndiyo maana tunachora kwa chaki kwanza na kuiacha saa nzima bila kuigusa, njia ikiwa na watu. Mchoro wa mtaa unaopitishwa ofisini tu hukosa jicho la namna hii.

Saa 5:30

Watoto. Wanne kwa wakati mmoja, dakika 20, shati kuukuu limevaliwa kinyume, vifungo mgongoni. Kazi yao ni dagaa, kundi zima chini ya taa, na wanalipiga kwa kiolezo. Kiolezo cha boksi hulegea baada ya samaki ishirini. Tunakata kwenye majalada ya plastiki ya mafaili, samaki watano kwa kila jalada, wa ukubwa tofauti. Chombo ni kipande cha godoro cha ukubwa wa ngumi.

Rangi ikizidi hupenya chini ya kiolezo na dagaa anakuwa kambare. Mtoto anachovya, kisha anagonga sponji kwenye kipande cha kigae mara nne au tano. Mwanzo linatoa sauti ya matope, pwa pwa. Likianza kusikika kavu ndipo anakwenda ukutani. Masikio yanafanya kazi vizuri kuliko maelezo. Dagaa wanapigwa kijivu kwanza, na walio karibu na taa wanaongezewa nyeupe mgongoni. Kila samaki atazame upande mmoja na mwenzake, kundi likageuka pamoja. Wakitazama kila mmoja kwake, wanaonekana wamekufa.

Saa 7:15

Jua limepinda ukingo wa paa la jirani. Brashi chini. Kwa mama ntilie kuna ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Ukiushika ukuta kwa kiganja jua likishauchoma huwezi kuhesabu hadi kumi. Rangi inayopigwa hapo hukauka ngozi ya juu tu, maji yaliyobaki chini yakigeuka mvuke yanainua vipele.

Saa 8:30

Kazi ya kivulini: matairi. Jalala haliondoki kwa kuzolewa tu, maana nafasi tupu inaita mfuko wa kwanza na mfuko wa kwanza unaita kumi. Kwa hiyo nafasi inajazwa. Matairi nane ya inchi 14, kila moja limetobolewa matundu sita upande wa chini. Usipotoboa umewajengea mbu nyumba. Yanasuguliwa kwa sabuni ya unga, yanakauka, mikono miwili ya rangi ya mafuta. Hapa inafaa, mpira hauna magadi. Nyeupe tumeiacha: mpira hutoa weusi wake polepole na nyeupe inageuka rangi ya chai. Kila tairi linakula karibu ndoo mbili za udongo, sehemu tatu udongo na moja samadi, na linajazwa hadi ndani ya mikunjo. Tunapanda aloevera. Maua mengine yote tuliyoyafikiria, mbuzi wa mtaa huu wanayafikiria pia.

Saa 11:00

Jua limelala, makali yake yamepungua. Sasa ile safu ya chini. Mvua za kwanza zikianza, matone yataanguka kwenye ardhi tupu na kurusha tope jekundu ukutani, kimo cha goti. Ukiweka samaki hapo watazikwa msimu wa kwanza. Safu hii yote ya sentimita 40 inapigwa nyekundu ya udongo, ile rangi ya kutu ya chuma, mikono miwili. Tope likiruka halionekani. Na rangi hii haipauki upesi, kwa kuwa chuma kilichokwisha kuota kutu hakina pa kwenda tena. Njano kali na nyekundu kali za taa ndizo zitakazopauka kwanza, na ndizo tulizozipa eneo dogo ili zirudiwe kwa kopo la robo lita.

Vanishi tunakataa. Inang'aa siku ya picha, halafu inakuwa njano na kufungia maji ndani.

Saa 12:30 jioni

Rola zinakamuliwa kwa kijiti ndani ya kopo lake kwanza, kisha zinaoshwa kwenye ndoo tatu zilizopangana. Maji ya ndoo ya kwanza hayaendi mtaroni, kwani mtaro wa hapa unaishia ziwani. Yanaachwa yatulie hadi asubuhi, maji ya juu yanamwagwa kwenye shimo la udongo, tope la chini linakaushwa juu ya boksi. Makopo yanafunikwa nailoni kabla ya mfuniko.

Nyuma ya ukuta mfereji umefika mita nne, kokoto bado hazijatosha. Kwenye kona tumebandika nailoni mpya, ingawa ukuta ulionyweshwa masika nzima hautakauka kwa usiku mmoja. Tunaupa wiki mbili. Ili asije mwenye bidii akaupaka kesho, tumeandika kwa chaki juu ya ile mita 1.2: BADO MBICHI.