Nilivyoponea kutolewa kizazi kwa sababu ya damu nyingi

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, nina miaka 42 na watoto watatu, na kwa karibu miaka miwili nilikuwa sikai kwenye kiti chochote ofisini bila kutandika kanga nyeusi. Siku ya pili ya hedhi pedi ile kubwa ya usiku nabadilisha kila saa, saa ingine naweka mbili kwa pamoja, mabonge yanatoka makubwa ka maini ya kuku, na mpaka ikate ni siku nane mpaka kumi. Kufundisha nafundisha nimesimama mwanzo mwisho, na nikishuka kwenye daladala lazima nigeuke kwanza niangalie siti.

Cha ajabu sikuona ni ugonjwa, mama yangu alikuwa hivohivo, shangazi zangu hivohivo, kwetu ikawa tu "sisi tuna damu nyingi". Kumbe damu mwilini ndo ilikuwa inaisha. Nikaanza kutafuna mchele mbichi, yaani nachambua mchele wa kupika huku robo nzima unaishia mdomoni, na ngazi za kwenda darasani napumzika katikati moyo unadunda kama nimekimbizwa. Wifi yangu ni nesi, siku hiyo kaja kutusalimia akanivuta kope la chini akaangalia, akasema wifi kapime damu leo, sio kesho. Ikaja 6.4 wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Nikalazwa, nikaongezewa chupa mbili.

Ultrasaundi ikaonyesha faibroidi mbili, yaani uvimbe wa kizazi usio kansa, moja ya sentimita 5 na ingine ndogo. Daktari wa pale akaniambia mama, watoto unao, umri nao unakwenda, tukitoa kizazi tatizo limeisha, na fomu ya kusaini ikawekwa mbele yangu na kalamu juu yake. Hakudanganya jamani, kutoa kizazi ndo njia pekee ambayo una uhakika hutaona hedhi tena, na wapo wanaoihitaji kweli. Ila hakuna aliyenitajia ingine yoyote, nikaomba nikaongee na mwenzangu kwanza.

Wifi swali lake la kwanza halikuwa uvimbe una ukubwa gani, aliuliza umekaa wapi. Ripoti wala haikusema! Akanipeleka kwa bingwa mwingine wa magonjwa ya wanawake, akanipima kwa ultrasaundi ile ya kuingizwa ukeni na akajaza maji kidogo ndani ya kizazi ili kuta ziachane, hapo ndo mambo yakaonekana. Akasema "huyu mkubwa amekaa barazani, nje ya kizazi, hana neno na wewe, huyu mdogo wa sentimita 2 na nusu ameingia chumbani, ndani ya kizazi, ndo anakumwagisha damu." Kumbe siku zote hizo mi nalaani yule mkubwa bure.

Akanieleza njia zilizopo, na kwa nini zingine sio zangu. Kitanzi chenye homoni kinapunguza damu sana, ila kwangu chumba kimejaa uvimbe kingeweza kutoka chenyewe. Kuna kuunguza utando wa ndani ya kizazi, lakini ukishafanyiwa hutakiwi kabisa kubeba mimba, ni hatari, na bado uzazi wa mpango unaendelea kutumia. Kuna kuziba mishipa, wanapitisha mpira mwembamba kwenye paja wanaachia chembe ndogondogo, faibroidi inakosa damu inasinyaa, hiyo nilisikia Muhimbili wanaifanya. Mimi akasema nafaa kuingiziwa kamera kupitia mlango wa kizazi na kuukata uvimbe humohumo, bila kupasua tumbo. Kabla ya hapo akachukua kinyama cha utando kikaenda maabara kuangalia kansa, majibu yakawa safi.

Tukasubiri miezi miwili damu ipande. Vidonge vya kukata damu viwili mara tatu, zile siku nne nzito tu, na vidonge vya madini chuma kila siku, ila sio na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini, na mi chai ya maziwa ndo maisha yangu. Nikawa navimeza na juisi ya chungwa. Rozela nilikunywa ndoo kwa ndoo, daktari akacheka, akasema kunywa tu mama ila vidonge usiache.

Siku yenyewe nikachomwa ganzi ya mgongo kwa hiyo nilikuwa macho, na skrini naiona. Uvimbe mweupe kama yai lililomenywa, kiwaya cha nusu duara kinapita kinaukwangua kwa umeme, vipande vinaelea kama machicha ya nazi. Nesi kila baada ya muda anataja kwa sauti maji yaliyoingia na yaliyotoka, nikauliza kulikoni, akasema mwili ukinyonya mengi yanaweza kukuletea shida ya mapafu na kuvuruga chumvi ya damu. Dakika 40 tumemaliza. Kesho yake asubuhi nikarudi nyumbani, wiki iliyofuata niko darasani.

Majimaji yenye damu yalitoka kama wiki mbili. Hedhi ya kwanza ikaja nzito nikalia nikajua nimeliwa hela, ya pili siku tano, pedi za kawaida. Baada ya miezi minne damu ilikuwa 11.8. Yule wa barazani bado yupo, tunamwangalia kwa ultrasaundi, na daktari hakunificha kwamba zingine zinaweza kuota.

Bima ililipa sehemu, iliyobaki nilikopa kikoba na bado nadaiwa miezi mitatu. Mchele sasa nachambua na wote unafika sufuriani.